Sura ya Saba: Malan Mwingine

Mwaka 1951 Afrika Kusini ilikuwa na akina Malan wawili ambao hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nani. Mmoja alikuwa Daniel François Malan, mchungaji wa zamani wa Kanisa la Kiholanzi, mzee aliyekwishapita miaka 70, Waziri Mkuu tangu 1948. Serikali yake ilikuwa ikipitisha sheria za ubaguzi moja baada ya nyingine: ya kupiga marufuku ndoa za watu wa rangi tofauti mwaka 1949, kisha ya kuwaandikisha watu kwa rangi zao na ya kuwagawia maeneo ya kuishi, zote mbili mwaka 1950. Mwingine alikuwa Adolph Gysbert Malan, mwanamume wa miaka 40, mfugaji wa kondoo karibu na Kimberley. Huyu wa pili ndiye aliyeangusha ndege 27 za Wajerumani kwa mkono wake, na nyingine 7 kwa kushirikiana na wenzake.

Wote wawili walikuwa Makaburu wa Cape, wa kizazi cha Waprotestanti waliokimbia Ufaransa karne ya 17. Msomaji aliyejifunza shuleni historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika amekutana na yule mzee. Huyu rubani ni nadra kumkuta. Katika sura zilizopita tumewaona mabingwa wa angani ambao sifa za vita ziliwafungulia milango ya ikulu na mabunge: Joe Foss akawa gavana wa South Dakota, Pierre Clostermann akawa mbunge huko Ufaransa. Malan wa ndege hakukaa bungeni hata siku moja. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 2 hivi aliongoza vuguvugu lililojaza viwanja vya miji mikubwa na kuwatia wasiwasi watawala, halafu likayeyuka. Namna lilivyoyeyuka ndiyo iliyonifanya nimpe sura nzima.

Alizaliwa Wellington, mji wa mashamba ya mizabibu kaskazini-mashariki mwa Cape Town, tarehe 3 Oktoba 1910, baba Kaburu na mama Mwingereza. Akiwa mvulana wa miaka 13 alipelekwa kwenye meli ya mafunzo General Botha, iliyotia nanga Simon's Town, akafundwa ubaharia kwa nidhamu ya enzi hizo, ambayo haikuwa na huruma na watoto. Kutoka hapo aliajiriwa na kampuni ya meli ya Union-Castle, iliyobeba barua na abiria kati ya Uingereza na Afrika Kusini. Mwaka 1935 Uingereza, ikiitazama Ujerumani ya Hitler kwa jicho la pembeni, ilianza kupanua jeshi lake la anga na kutafuta vijana kila kona ya himaya. Malan akajiandikisha. Mwisho wa 1936 alikuwa amepangwa kikosi namba 74, kilichokuwa na makao Hornchurch, mashariki mwa London. Wenzake waliposikia alikotoka wakamwita Sailor, Baharia, na jina la Adolph likasahaulika. Miaka ile, katika jeshi lile, nadhani hakulililia.

Vita yake ilianza vibaya. Tarehe 6 Septemba 1939, siku 3 tu baada ya Uingereza kutangaza vita, ilitolewa taarifa ya uongo kwamba ndege za adui zinaikaribia pwani ya Essex. Vikosi vikarushwa, na baadhi ya ndege zilizorushwa zikadhaniwa na waangalizi wa chini kuwa ndizo za adui. Malan alikuwa akiongoza kundi la Spitfire. Marubani wake wawili, Paddy Byrne na John Freeborn, walizishambulia Hurricane mbili za kikosi namba 56 cha North Weald na kuziangusha. Rubani mmoja alipona. Mwingine, kijana Montague Hulton-Harrop, alikufa, akawa rubani wa kwanza wa ndege za kivita wa Uingereza kuuawa katika vita ile, na aliyemuua ni mwenzake.

Byrne na Freeborn wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Walisema kiongozi wao alitoa amri ya kushambulia. Malan alisimama upande wa mashtaka, akasema alitoa amri nyingine ya kusitisha, na kwamba vijana wale walipaswa kuisikia. Wakili wao, Sir Patrick Hastings, alimwita mwongo mbele ya mahakama. Washtakiwa waliachiwa huru. Freeborn aliendelea kuruka kikosi kimoja na Malan, akapigana naye bega kwa bega kipindi kibaya kuliko vyote cha 1940, na akaishi mpaka 2010 bila kumsamehe. Wapo wanaolipitia tukio hili kwa aya moja ili wafike haraka kwenye ushujaa. Mimi naliona zito zaidi ya hapo. Kiongozi ambaye mambo yameharibika mbele ya macho yake, halafu anasimama upande ule ambao lawama haimfikii, ametuonyesha kitu. Sisemi kwamba alidanganya, kwa maana kelele za redio za siku ile hakuna anayeweza kuzisikiliza tena. Nasema alichagua pa kusimama.

Baada ya hapo sifa zilikuja kwa mfululizo. Mwezi Mei 1940, jeshi la Uingereza lilipokuwa likiokolewa kutoka fukwe za Dunkirk, alianza kuangusha ndege, na Juni akapewa nishani yake ya kwanza. Usiku mmoja wa Juni, mkewe Lynda akiwa amelazwa na mtoto mchanga karibu na pwani ileile ya Essex, ambako mabomu yalikuwa yakidondoshwa, aliomba ruhusa ya kupaa peke yake na akaangusha Heinkel mbili gizani. Spitfire haikutengenezwa kwa kazi ya usiku: mabomba yake ya moshi yalitema cheche mbele ya macho ya rubani, na kutua kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Mtoto yule, Jonathan, baadaye alibatizwa Winston Churchill akiwa baba yake wa ubatizo.

Tarehe 8 Agosti 1940 alikabidhiwa kikosi namba 74 akiongoze. Siku 3 baadaye kikosi kiliingia vitani mara 4 kati ya alfajiri na alasiri.

Hapa inafaa tuikaribie mashine yenyewe, maana akili ya Malan ilijionyesha hapo kuliko katika hotuba zake zote. Spitfire ya mwaka ule ilibeba bombomu 8 za Browning, nne kila bawa, na risasi za kutosheleza sekunde 15 hivi. Ukibana kitufe ukahesabu mpaka kumi na tano, umemaliza. Kilichobaki ni kukimbia. Kwa kuwa bombomu zilikaa mbalimbali kwenye mabawa, mafundi walizipinda kidogo kuelekea ndani ili risasi zote zikutane mahali pamoja mbele ya ndege. Utaratibu uliowekwa na wakubwa ulikuwa zikutane yadi 400 mbele, kama mita 365. Malan aliona huo ni umbali wa mtu asiyetaka kusogea. Kwa rubani wa kawaida, aliyefunzwa harakaharaka, shabaha ya mita 365 dhidi ya kitu kinachokimbia angani ni kumwaga risasi baharini. Akaagiza bombomu zake zikutane yadi 250, chini ya mita 230, mahali ambapo risasi za sekunde mbili zinaweza kukata bawa. Vikosi vingine vikafuata.

Alibadili pia mpangilio wa kuruka. Kabla ya vita marubani wa Uingereza walifundishwa kwenda watatuwatatu katika umbo la mshale. Likipendeza kwenye gwaride, umbo hilo lilikuwa na ila kubwa: wawili wa nyuma walikodolea macho ndege ya kiongozi wasije wakaigonga, kwa hiyo watu watatu walikuwa na macho ya mtu mmoja. Wajerumani walikuwa wameshajifunza huko Hispania kwamba vita vya angani ni vya watu wawiliwawili, mmoja anapiga na mwenzake anamlinda mgongo. Malan aliwapanga watu wake wannewanne wakifuatana, ili mapigano yakianza wagawanyike jozi mbili.

Halafu akaandika kanuni 10. Zilipigwa chapa na kubandikwa katika vyumba vya marubani wa vituo vingi. Zinamtaka rubani angoje mpaka amwone adui sawasawa, kisha apige mikupuo mifupi ya sekunde moja au mbili. Zinamkataza kuruka mstari mmoja bila kugeuka kwa zaidi ya nusu dakika ndani ya eneo la vita. Zinamwambia akishambuliwa amgeukie anayemshambulia, asimpe mgongo. Ya kumi na ya mwisho inasema kwa maneno machache kwamba ingia upesi, piga kwa nguvu, utoke. Msomaji aikumbuke hiyo ya kumi.

Machi 1941 alipewa kuongoza vikosi vyote vya kituo cha Biggin Hill. Kufikia katikati ya mwaka huo alikuwa amechoka kiasi cha kujitambua mwenyewe kwamba amechoka, jambo ambalo mabingwa wengi waliokufa hawakuliweza, na akaomba kupumzishwa. Alitumwa Marekani kufundisha, akarudi kuongoza chuo cha shabaha na kisha kituo cha Biggin Hill chenyewe, na 1944 akaruka juu ya fukwe za Normandy pamoja na marubani wa Ufaransa Huru. Mwaka 1946 aliliacha jeshi la Uingereza akarudi nyumbani.

Kule nyumbani alipata kazi Johannesburg kwa Harry Oppenheimer, mrithi wa utajiri wa dhahabu na almasi, kisha akapewa nafasi ya kufuga kondoo katika shamba la De Beers jirani na Kimberley. Angeweza kukaa huko akazeeka na medali zake sandukuni. Ila mwaka 1948 National Party ya yule Malan mzee iliingia madarakani, kwa kura chache kuliko za wapinzani wake lakini kwa viti vingi zaidi: pamoja na washirika wake ilipata viti 79 kati ya 150. Chama hicho kilikuwa kimepinga Afrika Kusini kuingia vitani dhidi ya Ujerumani. Baadhi ya watu wake walifungwa wakati wa vita kwa kumpendelea Hitler waziwazi. Kwa askari waliorudi kutoka Tobruk na Italia, kutawaliwa na watu hao kulikuwa kama kupigwa kofi na mtu uliyekwisha mshinda.

Cheche iliyowasha moto ilikuwa daftari la wapiga kura. Katika jimbo la Cape, wanaume Machotara waliotimiza masharti ya mali na elimu walikuwa wakipiga kura katika daftari moja na wazungu tangu karne ya 19. Sheria iliyoiunda nchi mwaka 1909 iliilinda haki hiyo kwa kifungu maalumu: isifutwe ila kwa theluthi mbili ya mabunge yote mawili yakikaa pamoja. Serikali haikuwa na theluthi mbili. Mapema 1951 ikaleta muswada wa kuwatoa Machotara kwenye daftari kwa wingi wa kawaida, na kifungu kiende na maji.

Walioanza kupanga upinzani walikuwa watu wa Springbok Legion, chama cha askari kilichoanzishwa 1941, kilichopokea watu wa rangi zote na kilichokuwa na wakomunisti wengi ndani yake. Walijua kwamba wao wenyewe wakijitokeza mbele, serikali itapiga kelele za Moscow na watu watatawanyika. Walihitaji sura isiyotiliwa shaka. Ikaundwa kamati ya askari wa zamani, na Sailor Malan akaombwa kuwa kiongozi wake. Ulikuwa uchaguzi wa kijanja kuliko wote ambao wangeweza kuufanya. Alikuwa Kaburu, kwa hiyo hawezi kuitwa kibaraka wa Waingereza bila watu kucheka. Alikuwa na nishani kuliko baraza zima la mawaziri. Na jina lake ni Malan.

Walianza kwa kubeba jeneza mitaani Johannesburg, katiba ikiwa ndiyo maiti. Mei 1951 wakajaza eneo la mbele ya ukumbi wa jiji usiku, mienge mikononi, na Malan akawaambia waliopigania uhuru ng'ambo kwamba hawatakubali kunyang'anywa matunda yake wakiwa kwao. Kisha ukapangwa msafara ulioitwa Steel Commando: magari ya jeep na malori kutoka pembe mbalimbali za nchi yakielekea Cape Town kupeleka madai bungeni. Mbele walikwenda Sailor na mzee Dolf de la Rey, mpiganaji wa Vita vya Makaburu vya mwanzo wa karne. Hiyo nayo ilikuwa picha iliyofikiriwa vizuri, mkongwe aliyempiga risasi Mwingereza na kijana aliyempigania wakikaa gari moja. Kila mji mdogo walikopita watu walitoka kuwalaki.

Waliingia Cape Town tarehe 28 Mei. Umati uliokusanyika ulihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na sehemu kubwa ya waliokuwa uwanjani walikuwa Machotara, maana kura zilizotaka kufutwa ni zao. Baada ya hotuba baadhi yao walielekea bungeni, polisi wakawazuia kwa marungu, na watu wengi wakajeruhiwa. Viongozi wa mienge walifanya haraka kueleza kwamba fujo ile haikuwa yao.

Vuguvugu likapata jina, Torch Commando, na wanachama kwa kasi ya ajabu. Lilipofikia kilele mwaka 1952 lilidai kuwa na watu 250,000. Majaji na maofisa wa jeshi walijiunga mpaka serikali ikapiga marufuku watumishi wa umma na wanajeshi kuwa wanachama. Mahakama nayo ikatia nguvu. Tarehe 20 Machi 1952 Mahakama ya Rufani ya Bloemfontein, chini ya Jaji Mkuu Albert Centlivres, iliamua kwa kauli moja kwamba sheria ile ya daftari ni batili. Serikali ikajibu kwa kutunga sheria inayolifanya Bunge lenyewe kuwa mahakama ya juu kuliko zote, na hiyo nayo ikatupwa na majaji mwaka huohuo.

Kwa hiyo mtu akitazama mwaka 1952 kwa juujuu ataona wanaoshinda ni watu wa mienge. Walikuwa na umati, majaji na shujaa. Lakini tuwahesabu vizuri hao askari wa zamani.

Afrika Kusini iliandikisha watu 334,000 hivi waliojitolea katika vita ya pili. Kati yao 77,000 walikuwa Waafrika na 46,000 walikuwa Machotara na Wahindi, yaani zaidi ya theluthi moja ya jeshi lote. Machotara wa Cape walikuwa wameshatua Kilindini Februari 1916 na kupigana katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mpaka mwisho wa 1917. Katika vita ya pili walirudi Kenya wakiwa madereva, wakaendesha malori yaliyobeba maji, petroli na risasi kupitia nyika ya kaskazini mpaka Uhabeshi. Waafrika walikatazwa kubeba bunduki na wakapewa mikuki na marungu kulinda maghala.

Mmoja wao aliitwa Job Maseko. Alitekwa Tobruk ilipoanguka Juni 1942 na kulazimishwa kupakua meli bandarini. Mwezi uliofuata alichukua kopo la maziwa, akalijaza baruti aliyoikusanya kutoka kwenye risasi, akaweka utambi, akalificha katikati ya mapipa ya petroli ndani ya meli ya Wajerumani, akawasha na kuondoka. Meli ikazama. Alipewa nishani ya kijeshi. Mwaka 1952, wakati mienge inawaka miji yote mikubwa, Maseko aligongwa na treni akafa, fukara, akazikwa kwa pesa za kukopa katika makaburi ya Payneville, Springs.

Torch Commando, chama cha askari wa zamani, hakikuwa na nafasi ya mtu kama Maseko. Kilikuwa chama cha wazungu. Hata swali la kama askari Machotara wakubaliwe, watu ambao vuguvugu zima lilisimama kwa ajili ya kura zao, lilikisumbua kwa miezi mingi na halikupata jibu ambalo matawi yote yaliliafiki. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya mbinu. Torch ilikuwa imefunga ndoa na chama kikuu cha upinzani, United Party, kilichoachwa yatima na kifo cha kiongozi wake Smuts mwaka 1950, na chama hicho kilitaka kura za wazungu wa mashambani. Wazungu wa mashambani wakimwona Chotara kwenye jukwaa, ilisemwa, watakimbilia kwa Malan mzee. Tuilinde katiba kwanza, mengine baadaye.

Tatizo la hoja hiyo lilikuwa na miaka 16. Mwaka 1936 Waafrika wa Cape walitolewa katika daftari hilohilo, kwa sheria iliyopita kwenye kikao cha pamoja na kupata theluthi mbili zake zote, na Smuts alikuwa ndani ya serikali iliyoipitisha. Katiba iliheshimiwa kikamilifu na Waafrika wakapoteza kura. Mtu anayetetea utaratibu peke yake hana la kusema juu ya 1936. Na Torch haikusema.

Tarehe 26 Juni 1952 ANC na vyama vya Wahindi walianza Kampeni ya Kukaidi Sheria. Maelfu ya watu walikamatwa kwa kuingia milango ya wazungu kwenye stesheni na kukaa mitaani baada ya saa ya marufuku. Upinzani mkubwa wa wazungu na upinzani mkubwa wa Waafrika vilitokea mwaka mmoja, miji ileile, dhidi ya serikali ileile, na havikushikana mkono. Wakati huo tawi la Torch la Natal lilikuwa likizungumzia jimbo lao kujitenga, ndoto ya Waingereza wa Durban ambayo haikumhusu dereva wa lori wa Cape hata chembe.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 15 Aprili 1953. National Party ilipata viti 94, United Party 57, Labour 5. Kwa wazungu wenye kura, mienge haikubadili kitu. Ndani ya wiki chache waliokuwa wakiandamana pamoja waligawanyika: wengine wakaunda chama cha Liberal, kilichotaka kupokea watu wa rangi zote, wengine chama cha Federal, na walio wengi wakarudi majumbani. Torch Commando ikafifia. Sailor akarudi kwa kondoo wake.

Ndipo ninapoirudia ile kanuni ya kumi. Vuguvugu lile liliendeshwa kama shambulio la Spitfire: liliingia upesi, likapiga kwa nguvu, likatoka. Angani hilo ni busara, kwa sababu risasi ni za sekunde 15 na petroli inakwisha. Siasa za kuing'oa serikali iliyojichimbia zinataka mtu anayebaki. Malan alirudia mara kwa mara kuonyesha kwamba yeye ni askari, mwanasiasa hapana, na wafuasi wake walimpenda kwa hilo. Mimi naona ndilo lililomwangusha. Aliyejiweka nje ya siasa aliwaachia wanasiasa wa United Party wamwamulie nani aingie na nani abaki nje. Tena kanuni zake mwenyewe zilimtaka amwone adui sawasawa kabla ya kupiga. Adui alikuwa ubaguzi wenyewe. Yeye alilenga njia uliyotumia kupita bungeni. Namwonea huruma kidogo hapa, kwani Kaburu aliyesimama hadharani mwaka 1951 kuipinga serikali ya Makaburu aliitwa msaliti kanisani na sokoni, na kulivumilia hilo kulihitaji ujasiri ambao mabingwa wengine wa kitabu hiki hawakuombwa kuuonyesha.

Serikali ilimaliza kazi yake kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1955 iliongeza maseneta kutoka 48 hadi 89, karibu wote watu wake, na majaji wa Rufani wakaongezwa mpaka 11 kwa kesi za aina hiyo. Mwaka 1956, chini ya Waziri Mkuu J. G. Strijdom, theluthi mbili zikapatikana na Machotara wakatolewa kwenye daftari. Safari hii hapakuwa na msafara wa magari kutoka Kimberley.

Wale wa Springbok Legion walioachwa nyuma ya pazia walikwenda njia nyingine. Jack Hodgson, askari wa jangwani, aliwafundisha wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, tawi la silaha la ANC, kutengeneza mabomu yao ya kwanza. Cecil Williams, mwongozaji wa michezo ya kuigiza, ndiye aliyekuwa ndani ya gari karibu na Howick tarehe 5 Agosti 1962, Nelson Mandela akijifanya dereva wake, polisi walipowasimamisha. Joe Slovo, aliyepigana Italia, aliishi uhamishoni miaka 27 na kufa akiwa Waziri wa Nyumba katika serikali ya Mandela.

Sailor Malan alishikwa na ugonjwa wa Parkinson, uliomtetemesha na kumkaza mwili mpaka ukammaliza tarehe 17 Septemba 1963, kabla hajatimiza miaka 53. Wakati huo dawa ya kuupunguza makali ilikuwa bado haijaenea, na marafiki zake walichanga fedha kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa huo. Amezikwa Kimberley.

Machotara wa Cape walirudi katika daftari moja na watu wote katika uchaguzi wa Aprili 1994. Wengi wao, wakiiogopa ANC na kuwekewa mbele ya macho hofu ya kupoteza kazi na nyumba, waliipigia kura National Party, chama kilekile cha Malan mzee, na kwa kura zao kikapata zaidi ya asilimia 53 na kuliongoza jimbo la Western Cape.